Picha Utaniletea Lini? Siku Sita Kando ya Ziwa la Shkodra

Jumapili usiku, melini

Nimekaa Bari, kusini mwa Italia, miaka kumi na moja, na karibu kila jioni naziona meli za Durrës, bandari ya Albania, zikiondoka na taa zake. Sikuwahi kupanda. Kilichonipandisha leo ni kalenda ya kinyozi.

Kinyozi wangu ni Mualbania kutoka Shkodra. Mwezi mmoja wa kalenda yake ulikuwa na picha ya zamani: mtumbwi mweusi wenye tumbo bapa, wanaume wawili, wavu, maji yametulia kama uji uliopoa. Nikamwambia, hapa ni Kayenze, nje kidogo ya Mwanza. Akacheka mpaka akazima mashine. "Hapa ni nyumbani kwetu, na aliyepiga ni Marubi." Alilitaja jina hilo kama sisi tunavyomtaja mtu wa mtaa wa pili, si kama msanii wa makumbusho.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga picha Mwanza, chumba kimoja karibu na Makoroboi. Nimekulia kwenye harufu ya dawa za kusafishia picha. Kwa hiyo nimekata tiketi. Baharini ni usiku kucha. Jirani yangu ameshavua viatu na kulala sakafuni kati ya viti, na naona ana akili kuliko mimi.

Jumatatu

Durrës asubuhi, kisha furgon hadi Shkodra. Furgon ni daladala kwa kila hali: inaondoka ikijaa, dereva anajua shangazi wa kila abiria, na mizigo ya watu wasiosafiri inapakiwa ipelekwe kwa watu watakaoipokea barabarani. Niliwekewa miguuni ndoo ya jibini.

Njiani nilisoma mabango. Duka wanaita *dyqan*. Saa ni *sahat*. Habari ni *haber*. Na dereva alipokuwa akilalamikia bei ya mafuta alisema *fukara*, nikageuka kama niliyeitwa. Kiarabu kilipita kwao mikononi mwa Waturuki, kwetu kikaja na majahazi, na sasa tumekutana kwenye furgon.

Shkodra ni mji wa baiskeli. Wazee wenye kofia wanaendesha polepole wakiwa wamenyooka mgongo, bibi anapita na vitunguu kwenye kikapu cha mbele, na magari yanasubiri. Nimepata chumba kwa familia moja nyuma ya mtaa wa watembea kwa miguu. Uani kuna mkomamanga uliolemewa. Nimelala saa mbili usiku.

Jumanne

Siku nzima kwenye Makumbusho ya Taifa ya Picha ya Marubi. Yalifunguliwa hapa mwaka 2016, katika jengo la mtaa wa Kolë Idromeno. Huyo Idromeno (1860–1939) alikuwa mchoraji, msanifu majengo na mpiga picha, na jengo lenyewe ni kazi yake. Katika mji huu fani hizo zilikuwa za watu wale wale.

Nieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo penye kisa.

Pietro Marubbi alikuwa Muitaliano wa Piacenza, mfuasi wa Garibaldi, yule mpigania umoja wa Italia, aliyekimbilia Shkodra katika miaka ya 1850, wakati mji uko chini ya Waosmani, watawala wa Kituruki. Alikuja na kamera. Picha zake za mwanzo kabisa zinazojulikana ni za mwaka 1858. Hakuwa na mtoto. Mtunza bustani wake, Rrok Kodheli, alikuwa na vijana wawili. Mkubwa, Mati, Pietro alimpeleka Trieste kwenye studio kubwa ajifunze kazi. Akarudi, akafariki mwaka 1881 akiwa na miaka 19 tu. Mdogo, Kel, naye akapelekwa Trieste. Pietro alipokufa mwaka 1903, studio ikawa ya Kel, na Kel akachukua na jina: mtoto wa mtunza bustani akawa Kel Marubi. Mwanawe Gegë, aliyezaliwa mwaka 1907, alikwenda Lyon, Ufaransa, kusomea kazi hiyo kwa ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema. Mlolongo mmoja wa watu watatu, kutoka Waosmani, kupitia ufalme, mpaka ukomunisti.

Studio waliiita *Dritëshkronja*, yaani mwandiko wa mwanga. Nimelipenda kuliko neno letu "picha", ambalo tumeliazima tu na kulivalisha irabu.

Kwenye ukuta mmoja nilisimama mpaka mlinzi akaniletea kiti. Ni watu wa milimani waliopigwa studio. Mwanaume wa kofia nyeupe ya sufi iliyokandwa, suruali nyeupe ya *tirq* yenye mistari myeusi, bunduki mkononi, risasi kiunoni. Nyuma yake pazia lililochorwa miti na nguzo za jumba ambalo hakuwahi kuishi. Nilitazama miguu. Ni tabia niliyotoka nayo studio ya Mwanza. Baba mdogo alinifundisha kwamba uso mtu huutengeneza, miguu huisahau. Miguuni mtu huyu wa milimani amevaa *opinga*, viatu vya ngozi vilivyofungwa kwa kamba, vimechakaa kwenye vidole, na vimekanyaga zulia lenye maua.

Hapo ndipo nilipoelewa picha za "maisha ya shamba" za watu hawa zilivyopatikana. Sehemu kubwa, shamba ndilo lililokuja mjini. Siku ya soko mtu ameshuka kutoka Shala au Hoti na jibini, sufi, kuni. Ameuza. Ana fedha kidogo mkononi na bunduki begani, na nyumbani ni mwendo mrefu. Anaingia kwa Marubi.

Na kamera za mwanzo hazikuwa na miguu ya kwenda kijijini. Kioo kilimwagiwa kolodioni, dawa nzito ya kunata, kikatumbukizwa kwenye maji ya nitrati ya fedha gizani, kikapachikwa kwenye kamera kingali kibichi, kikapigwa na kusafishwa papo hapo. Ukichelewa dakika kumi na kitu kimeanza kukauka, kazi bure. Anayetaka kupiga mlimani alibeba chumba cha giza kizima: hema, chupa, vioo, maji. Pamoja na hayo walitoka. Pietro alipeleka picha za matukio ya huku kwenye magazeti ya Ulaya, likiwamo *Illustrated London News*, na Kel alitoka zaidi, sokoni, mazishini, ziwani. Soko la zamani chini ya ngome ya mji limo, na madirisha ya vibanda yamefunguliwa kama mbawa.

Kuna sketi moja lazima niiseme. Inaitwa *xhubleta*, ya wanawake wa milimani: nyeusi, ya sufi nzito, imetanuka kama kengele, na ukiitazama kwa ubavu inapinda nyuma kama mkia wa jogoo. Mwaka 2022 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana wanaojua kuishona wamebaki wachache. Kwenye vioo vya Marubi imejaa tele, mshono kwa mshono.

Mwaka 1970 Gegë aliikabidhi serikali hazina yote ya familia. Leo makumbusho, pamoja na kazi za wapiga picha wengine wa mji, yana negativu, yaani vioo na filamu zinazotolewa picha, zaidi ya 500,000.

Nusu milioni. Sasa niseme langu. Baba mdogo alipofariki, chumba cha studio kilitakiwa kwa mpangaji. Negativu zilikuwa kwenye madebe matano ya mafuta ya kula, zimefungwa kwa karatasi za daftari, kila karatasi na jina na tarehe kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Wavuvi wa Ukara na Ukerewe waliokuja kwa meli wakavaa lile koti moja la kijivu la kuazima, mbele ya pazia la ndege ya abiria. Mabibi harusi. Watoto wa komunyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaambiwa nizibebe nikatupe. Nikazibeba. Zilipochomwa zilitoa moshi mweusi, nikasogea upande usio na upepo. Basi.

Hata kiti cha mlinzi sikukishukuru vizuri. Nitarudi nimshukuru.

Jumatano

Mvua. Nilipanda ngome ya Rozafa adhuhuri ilipokatika. Hadithi ya ngome kila mtu atakusimulia bila kuombwa: ndugu watatu walijenga mchana, usiku kuta zikaanguka, mpaka mke wa mdogo alipojengewa ndani akiwa hai. Aliomba waache wazi titi moja, mkono mmoja na mguu mmoja, anyonyeshe, abembeleze na asukume susu. Ndugu hao waliahidiana wasiwaambie wake zao kitakachotokea; kaka wakubwa waliwaonya wao, mdogo peke yake ndiye aliyeshika ahadi ya kunyamaza. Mimi hadithi hii inaniudhi kuliko kunisikitisha.

Juu ya ngome unaona jinsi mji ulivyokaa: ziwa upande mmoja, mto Buna ukitoka ziwani kwenda baharini, mto Drin ukijiunga nao hapo chini. Ziwa hili ni kubwa kuliko yote ya Balkani, na bado Ziwa Victoria lingelimeza zaidi ya mara mia: hupanuka na kunywea kati ya kilomita za mraba 370 na 530 kwa majira, na theluthi mbili zake ziko Montenegro.

Alhamisi

Mwenye nyumba aliniazima baiskeli ya marehemu baba yake. Nilivuka daraja la Buna nikafuata ukingo wa ziwa, Shiroka kwanza, kisha Zogaj ambako barabara inaishia karibu na mpaka. Mlima kushoto, maji kulia, na kati yake nafasi ya nyumba moja moja. Kabla ya Shiroka tairi la nyuma likapasuka. Vijana wawili waliokuwa wakirekebisha nyavu waliliziba, wakakataa hela, wakakubali sigara za mtu mwingine aliyekuwa akipita.

Shiroka nilikula *tavë krapi*. Krap ni samaki mwenye magamba mapana kama sarafu. Wanamkata vipande, wanampanga kwenye chungu na vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, jani la bay, siki na plamu zilizokaushwa, kisha tanuri. Plamu kwenye samaki! Mama yangu angetoka mezani. Mimi nilifuta chungu kwa mkate.

Zogaj ni kijiji cha wavuvi, na wanawake wake wanajulikana kwa kufuma mazulia ya *qilim*. Nilisikia kabla ya kuona: tak, tak-tak, kimya, tak. Mlango ulikuwa wazi. Bibi wa miaka kama themanini amekaa mbele ya kitanda cha mfumi kilichosimama wima, nyuzi zimekazwa kama za kinanda. Anapitisha uzi mwekundu kwa vidole, wala si kwa chombo, anahesabu kwa midomo, kisha anaukandamiza chini kwa kitana kizito cha mbao. Huo ndio mlio. Kidole chake cha shahada kina sugu kwenye ubavu, laini, inang'aa kama punje ya mahindi. Nilikaa muda wa kahawa mbili, zulia likapanda upana wa kidole kimoja.

Mjukuu wake anajua Kiitaliano, kama wengi wa huku waliokua na televisheni za ng'ambo ya bahari. Nikamwomba aniombee ruhusa ya kupiga picha. Bibi akatikisa kichwa kulia na kushoto. Nikairudisha kamera begani. Mjukuu akacheka: "Amekubali! Kwa wazee wetu kutikisa hivyo ndiko kusema ndiyo."

Nikapiga nne. Bibi akauliza neno moja, mjukuu akatafsiri: "Anasema, utamletea lini?"

Nikajibu kama mjinga, kwamba nitaituma kwenye simu ya mjukuu. Bibi alinitazama kama mtu aliyekopeshwa na kuanza kupiga chenga. Simu si yake.

Nikiwa njiani kurudi, jua linazama nyuma ya mlima, swali lile halikunitoka. Ndilo walilouliza wateja wote wa baba mdogo. "Utanipa lini?" Na wakipewa: mbona nimekuwa mweusi hivi, mbona jicho moja dogo, hili koti mbona linaonekana si langu. Alikuwa akikutana nao sokoni, msibani, kivukoni, na kila mmoja ana dukuduku lake. Mgeni anayepita na kamera halaumiwi na mtu, kwa kuwa aliowapiga hawaioni kazi yake. Kel Marubi alizaliwa mji huu, akanunua mkate mji huu, na yule mtu wa milimani wa opinga alirudi siku ya soko kudai picha yake. Nadhani hiyo ndiyo sababu hawa watu wanatutazama vile kutoka kwenye vioo. Wanamtazama fundi waliyemlipa, na wanamdai.

Ijumaa

Theth, milimani, kwenda na kurudi kwa furgon. Barabara siku hizi ni ya lami, lakini kona za kushuka kutoka Thore, njia inapovuka mlima, zinafanya mtu akumbuke madeni yake. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa akieleza siasa.

Nilikuja kwa ajili ya mpiga picha Shan Pici (1904–1976). Jumanne kwenye makumbusho nilimpita haraka, nikamrudia. Kizazi chake kilikuta kamera nyepesi, kikaweza kufanya ambacho vioo vibichi vilikataza: kupanda huku. Kwake pazia lililochorwa limeondoka. Mwanamke yuko mlimani kweli, amebeba mzigo mgongoni, mikono yake inasokota sufi huku anatembea, maana mikono haikuruhusiwa kukaa bure. Ukizipanga picha zake kando ya zile za studio ya Kel, utadhani ni watu wa nchi mbili. Ni watu wale wale, siku ya soko na siku ya kazi. Mimi bado nazipenda zile za studio zaidi. Kwenye pazia mtu alichagua aonekane vipi. Njiani na mzigo hakuchagua.

Theth yenyewe: kanisa dogo la mawe, mto wa rangi ya bluu ya sabuni, na mnara wa *kulla* wenye matundu badala ya madirisha, walimojifungia wanaume waliokuwa wakiwindwa kwa kisasi cha damu. Ndani kuna giza na baridi ya pango. Nilikaa dakika tano zikanitosha.

Jumamosi

Meli ni usiku, kwa hiyo nina mchana. Nimeamka nikaenda duka la kusafisha picha. Nimemwachia kijana wa pale faili ya bibi na kitanda chake cha mfumi, saizi ya karatasi ya daftari. Baada ya nusu saa akaniletea, na nusura nisimtambue bibi. Mashine ilikuwa imempiga pasi uso mzima. Mikunjo imeondoka, ngozi kama ya mtoto wa sabuni ya tangazo, hata sugu ya kidole imeyeyuka. Kijana alisema kwa fahari kwamba inafanya yenyewe.

Nikapandisha sauti kidogo, naungama. Nikadai isafishwe upya bila kuguswa. Akasafisha upya, akanilipisha zote mbili, na hakukosea. Maana nikiwa barabarani nimekumbuka kwamba Kel ndiye anayetajwa kuleta hapa ufundi wa kurekebisha negativu kwa mkono, na kwamba baba mdogo alikuwa na penseli ngumu iliyochongwa kama sindano, na kila bibi harusi wa Mwanza alipita chini ya penseli ile. Chunusi, makovu, weusi chini ya macho, vyote viliondoka kwa ncha moja. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kuhusu hilo.

Baiskeli tena, Zogaj. Safari hii tairi limevumilia.

Tak, tak-tak. Zulia limepanda kiganja kizima tangu Alhamisi. Bibi aliponiona aliacha kitana, akajifuta mikono kwenye aproni, akapokea bahasha kwa mikono miwili. Akaitoa picha ile ya kweli, niliyoipigania. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaitazama muda mrefu, kisha akamwambia mjukuu maneno mengi, kidole chenye sugu kikizunguka shavuni kwenye karatasi.

"Anasema kitanda cha mfumi kimetoka vizuri," alisema kijana, akijikaza asicheke. "Lakini anauliza hii mistari yote usoni umeitoa wapi, na kama fundi wako hajui kazi."

Sikuwa na jibu. Nikafungua begi, nikatoa ile ya kwanza, iliyopigwa pasi.

Bibi akaiangalia mara moja tu. Akatikisa kichwa kulia na kushoto. Akaingia nayo ndani, nikasikia kioo cha kabati kikisogezwa, vikombe vikigongana. Akarudi mikono mitupu, akanirudishia ile yenye mikunjo, akakaa, akashika uzi.

"Hiyo," mjukuu akatafsiri, "anasema kaa nayo wewe."